Windo Mpya kwa Kompyuta ya Marehemu

Ukitaka kujua kompyuta ile ilivyokuwa nzito, sikiliza. Binti yangu alikuwa akiiwasha asubuhi, anafagia chumba cha kushonea, anapanga nyuzi rangi kwa rangi, anabandika chai, anainywa, anaosha kikombe, na akirudi anakikuta kile kiduara kingali kinazunguka katikati ya kioo kama karani anayejifanya ana kazi nyingi.

"Hiki kimeajiriwa serikalini," nikawa nasema.

Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi ananikata jicho tu.

Kompyuta ilikuwa ya mama yake. Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa kudarizi. Alichora ua kwenye kompyuta, akaiunga kwa waya na mashine, na mashine ikalishona lile ua kwenye kitambaa peke yake, uzi juu ya uzi, yeye amekaa pembeni anakunja nguo. Sikuwahi kuelewa linavyopita kwenye waya. Mimi nachomelea madirisha na mageti, shule niliiacha njiani, na mtaa mzima wananiita Bawaba, eti kwa sababu kila mlango ukifunguliwa mimi nalia. Basi nina cha kulilia. Mke wangu alifia hospitali huku mashine ya kumsaidia kupumua ipo chumba cha pili, mpya, imefunikwa turubai, inamsubiri Mheshimiwa aje kukata utepe. Utepe ulikatwa. Sisi tulikuwa tumeshazika.

Na sasa nani aje kwetu kutaka maua? Mke wa Mheshimiwa. Wanamwoza binti yao. Alitaka gauni, vitambaa vya meza na mapazia ya ukumbi, vyote viwe na ua moja, na alikuwa amesikia sifa za maua ya marehemu. Akakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, kiduara kikazunguka. Akapepea. Kikazunguka. Mwisho akanyanyuka.

"Nitapita Jumamosi, mwanangu," akamwambia binti. "Nikikuta bado inazunguka, niwie radhi, nitakwenda kwa wale wa duka kubwa. Wana mashine za kisasa."

Binti akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akaketi.

"Baba, nikiikosa kazi hii nafunga chumba. Nauza mashine, naenda kwa shangazi kutafuta ajira."

"Na nyumba ibaki na nani?"

"Na wewe na mageti yako. Mtaliliana."

Nikasema, nitaipeleka mwenyewe kwa fundi. Binti akaitia kwenye mfuko wake, akanishika mkono kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

"Afanye atakalo, baba, ila maua asiyaguse. Maua yote ya mama yamo humo."

"Maua hayaguswi," nikasema. "Nimekusikia."

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu ni mwanamke, wanamwita Skrubu. Akifungua kitu, skrubu zote anazibana kwa midomo, na anaongea na wewe kwa pembe ya mdomo kama anakupa siri. Chumba chake ni meza moja, taa moja inayoshuka kwa waya, na rafu za simu zilizokufa zimepangwa kama viatu msikitini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Uzito."

"Uzito unatibika. Tatizo ni wale wanaougua njaa."

Akaiwasha, akaweka sikio juu yake. Akasikiliza kwa muda, amefumba macho. Nami nikajikuta nimezuia pumzi.

"Huyu amechoka, mzee. Diski yake ni ile ya zamani, inazunguka kama santuri. Naitoa, naweka mpya isiyozunguka. Nasafisha ndani. Halafu inabidi nikupigie windo mpya."

Hapo nikachangamka. Mengine yote yalikuwa yananipita kichwani kama ndege, lakini windo ni kazi yangu. Wateja wangu waliosoma hawasemi dirisha. Wanasema, Bawaba, nataka windo pana ya sebuleni. Na kioo cha kompyuta ile kilikuwa na ufa kwenye kona tangu siku ilipoangukiwa na pasi.

"Piga, mwanangu," nikamwambia. "Hii iliyopo ina ufa."

Skrubu akacheka mpaka skrubu zikamdondoka. "Mzee una maneno wewe! Ina ufa kweli. Haya, vitu vyako umeshavitoa humo?"

Nikaugeuza mfuko, nikautikisa. Chaja ilikuwa mezani mbele yake, miwani ya marehemu niliitoa nyumbani.

"Nimevitoa."

"Vyote? Nisije nikalaumiwa."

"Vyote. Ila maua usiyaguse."

Akaufunga mfuniko, akautazama. Marehemu alikuwa ameubandika stika za maua, mekundu na ya njano, yamepauka kidogo.

"Haya? Mbona mazuri. Hata kitambaa chenye maji sipitishi hapa."

"Umenielewa."

"Nimekuelewa, baba."

Tukaelewana hivyo, watu wazima wawili.

Nilitaka kuondoka, lakini alipoifungua tumbo, miguu ikakataa. Sikuwahi kuona ndani ya kitu kile. Mimi nimezoea chuma, pande kwa pande, unaona kinachoshika na kinachoshikwa. Humu kulikuwa na mji. Kibao cha kijani, na juu yake vijia vya shaba vyembamba kuliko unywele, vinapinda, vinapishana, vinaingia chini ya vijumba vyeusi na kutokea upande wa pili, na hakuna hata kimoja kilichoishia njiani.

"Nani alipanga haya?"

"Wahandisi huko."

"Kwa nini hawakupewa kupanga huku kwetu?" nikasema. "Huku barabara inaanza kwa Mheshimiwa inaishia kwa shemeji yake."

Skrubu akaguna tu. Alikuwa amefika kwenye feni, kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, na pembeni yake tundu la kutolea joto limeziba kabisa, limejaa kitu cha kijivu.

"Si unaona!" nikasema. "Vumbi hilo! Kila mwaka wanatuambia lami, lami, tunapiga kura, lami inakwenda wapi? Tumekula vumbi sisi, na mashine nazo zimekula. Wangekuwa hapa ningewaonyesha. Ningewaambia..."

Akaniacha niseme. Akachukua koleo ndogo, akashika ncha, akavuta polepole, kikatoka kipande kizima, laini, kimeshikana kama kitambaa. Akakiweka kiganjani mwangu.

"Hili si vumbi la barabara, mzee. Tazama vizuri. Ni nyuzi."

Nikakisogeza kwenye taa. Kwa juu kilikuwa kijivu, lakini kwa ubavu kilikuwa na matabaka. Kijani cha sare za shule. Juu yake weupe, ule msimu watu walipooana kwa fujo. Juu yake zambarau ya majoho ya kwaya, nikakumbuka hata mwenye kwaya alivyobishana juu ya mikono. Kisha wekundu uliokolea, kisha kijani tena. Feni ile ilikuwa imekaa chumbani kwake miaka yote, inavuta pumzi pamoja naye, na kila alichoshona ilikilaza humo, kimoja juu ya kingine, kwa zamu yake. Nikavihesabu vitambaa vile kwa macho na kila kimoja nilikijua. Maneno yote niliyokuwa nimewaandalia wakubwa yakanikauka.

Skrubu akanipa kipande cha gazeti, nikakifunga, nikakitia mfukoni mwa shati.

Alasiri nikarudi kuichukua.

"Bonyeza mwenyewe," akasema.

Nikabonyeza, nikageuka kuvuta kigoda nikae, kama mtu anavyojiandaa kungoja. Nilipoinua kichwa, kioo kilikuwa kinang'aa, kiduara hakipo.

"Imegoma?"

"Imeshawaka, mzee. Inakusubiri wewe."

Nikaizima. Nikaiwasha. Ikawaka kabla sijaondoa kidole vizuri. Nikaizima tena, nikaiwasha tena, nywele za mikono zinanisimama. Kitu kilekile, mfuniko uleule, vitufe vya herufi vilevile vilivyofutika kwa vidole vya mke wangu, na kimeamka kama msichana aliyeitwa na rafiki zake.

"Utaichosha, baba."

"Windo hukubadilisha," nikasema. "Ufa bado upo."

"Huo ufa ni wa kioo. Mimi nimepiga windo."

Kwa kazi yangu kioo na windo havitengani, lakini sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mashine inayoamka namna ile. Nikaitia kwenye mfuko.

Nyumbani binti aliibonyeza, akaweka mikono mashavuni. "Baba! Baba, umeona?" Akaifunga, akaifungua, akanikumbatia na masizi yangu ya kuchomelea. Kisha akakaa kufanya kazi. Nikamwona anabonyeza hapa, anabonyeza pale, mgongo unanyooka kidogo kidogo.

"Baba, maua yako wapi?"

"Hayo hapo. Hakuna aliyeyagusa." Nikamwonyesha mfuniko.

Akatazama zile stika. Akanitazama mimi. Aliponiuliza, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Alifanya nini hasa?"

"Alitoa diski. Akapiga windo mpya."

Binti akashuka kitini, akakaa sakafuni. "Windo si kioo, baba. Ukipigiwa windo mpya ni kama umeamshwa hujui hata jina lako. Kila kitu kinafutwa."

Sijui tulifikaje kwa Skrubu, binti ameikumbatia kompyuta. Najua kandambili yangu moja ilikatika nikaendelea na nyingine. Alikuwa anafunga mlango.

"Mzee, si nilikuuliza kama umetoa vitu?"

"Nilidhani vya kwenye mfuko!"

"Na maua?"

"Maua ni ya kushona! Mke wangu ndiye aliyeyachora!"

"Mimi nikadhani stika!" Akaanza kucheka, akauona uso wa binti, kicheko kikamfia. Akaacha kufunga, akafungua. "Ingieni. Sikufuta kitu. Windo nimepiga kwenye diski mpya. Ile ya zamani niliitoa tu."

"Iko wapi?" binti akauliza.

Skrubu akaonyesha kwa kidevu. Chini ya meza kulikuwa na katoni la biskuti, limejaa diski kuukuu, zote za bati, zote saizi ya kipande cha sabuni, zote zimefanana kama mapacha.

"Niliitupia humo. Ila..." Akalamba midomo. "Nikihitaji moja kwa mteja, naichukua naifuta. Na leo mchana nimefuta moja."

"Ipi?"

"Ndiyo tutakayoijua sasa."

Akachukua waya, akaanza kuziunga moja moja. Ya kwanza ikatoa picha za mtoto mchanga, ameshikwa na watu wengi kwa zamu, wote wanacheka. Skrubu akaifunga upesi. "Ya watu." Ya pili ilikuwa na mahubiri. Nyingine ramani ya nyumba yenye baraza pana. Nyingine sauti ya mzee anamfundisha mtu kuhesabu kwa lugha ya kwao. Skrubu hakukaa kwenye yoyote, alifunga mara tu alipojua si yetu, kama mtu aliyekosea mlango wa jirani. Nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya katoni, sithubutu hata kuliegemea. Mtaa mzima ulikuwa umelala humo, na juu yake limeandikwa biskuti.

Akaunga nyingine. Ikafunguka mara moja, safi, nyeupe, haina kitu.

"Hii ndiyo niliyofuta," akasema.

Binti akanishika kiganja. "Ilikuwa ya nani?"

"Sijui, dada yangu. Sijui."

Akaendelea. Akaunga moja, kiduara kikatokea, kikazunguka. Kikazunguka. Ndani ya bati pakasikika mlio mdogo, kwarukwaru, kama mtu anatafuta funguo gizani. Kikazunguka.

Binti akainuka. "Ndiyo hiyo."

"Haijafunguka bado."

"Uzito huo naujua. Mzito hivi duniani ni mmoja tu."

Kikazunguka, kikasimama, na ua moja likatokea kwenye kioo. Kisha la pili. Binti akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Skrubu akapangusa jasho kwa kiwiko.

"Inakaribia kufa hii," akasema. "Ndiyo maana ilikuwa nzito. Nayahamishia kwenye mpya. Msiguse meza."

Miezi mingapi nimeutukana ule uzito? Sasa nikawa nauomba moyoni: nenda polepole, mama, usikimbie, usife, chukua muda wako. Bati likakwaruza, likatulia, likakwaruza. Ua baada ya ua likavuka. Lilipovuka la mwisho, lile bati lilitoa mlio kama kijiti kinavunjika, na halikuzunguka tena.

Skrubu akayafungua kwenye diski mpya, na yakaja yote kwa mpigo, kioo kizima, safu kwa safu, rangi ambazo sikujua zipo. Mimi nilikuwa nayaona yakishashonwa, moja leo, moja mwezi ujao, kwenye mgongo wa mtu anayepita. Sikuwahi kuyaona yote yamesimama pamoja. Nikavua kofia.

Chini ya kila ua kulikuwa na jina. Nikamwomba binti anisomee, nikingoja waridi, asumini, yungiyungi.

"Umeme Umekatika Tena," akasoma. Ua jeusi, na katikati kitone cha njano kama mshumaa.

"Rudia."

"Ndivyo lilivyoandikwa, baba. Na hili, Mwenyekiti Yuko Kikaoni." Ua kubwa, majani mapana yanayong'aa, katikati halina kitu.

Skrubu akashika mbavu. "Maji ya Alhamisi! Tazameni hili!" Vijani vidogo kama matone, vichache, vinaishia hewani. Na jingine la miba, jekundu, zuri ajabu: Bawaba Amenuna. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi nilikuwa nimeduwaa. Mwanamke yule sikuwahi kumsikia akilalamika. Nilipokuwa naifokea redio alikuwa anasema, kunywa chai, baba, itapoa. Kisha anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Miaka yote nilidhani katika nyumba ile nalia peke yangu. Kumbe kulikuwa na mwenzangu, analia kwa kijani na zambarau, na watu wanamlipa na kuvaa kanisani.

"Hili la mwisho," binti akasema, naye hakucheka, "alilichora siku zile za hospitali. Tulikuwa tunakwenda asubuhi, tunaambiwa neno lilelile, tunarudi. Akifika nyumbani anaongeza tumba moja." Akanisomea jina.

Jumamosi mke wa Mheshimiwa akaja na mkoba wake. Kiti hakikupata hata joto, maua yakawa mbele yake. Akasema, "Lo!" Akavaa uso wa mtu aliye dukani, kidole kikapita juu ya kioo, kikapita Mwenyekiti, kikapita Umeme, kikasimama.

"Hili."

Lilikuwa lile la mwisho. Mmea unaotambaa, vikonyo vyembamba kama mishipa ya mkono, na kila penye kikonyo pana tumba. Matumba matupu, meupe yenye wekundu kwa ndani, kila moja limejaa, limekaribia, na hakuna hata moja lililofunguka.

"Linafaa harusi kabisa," akasema. "Linaitwaje? Sina miwani."

Binti akaganda, kidole juu ya kitufe. Nami nikahisi mdomo umejaa. Turubai, utepe, mkasi, ile picha ya Mheshimiwa gazetini, vyote vilikuwa vimenifika kwenye meno. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo muda mrefu, na huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha mke wangu. Binti hakunikonyeza wala hakunisihi. Alinisubiri tu.

Nikalitazama lile ua. Kila tumba lilikuwa safari moja ya mgonjwa kwenda na kurudi. Alikuwa amechoka, anashika ukuta akitembea, na bado alikaa akatafuta wekundu ule, ule hasa, wa kuweka ndani ya weupe.

"Linaitwa Njoo Kesho," nikasema.

"Njoo Kesho!" Akaweka mkono kifuani. "Kama bibi harusi anamwambia bwana wake. Jamani, mama yenu alikuwa na roho nzuri."

"Alikuwa nayo," nikasema.

Binti akabonyeza. Kompyuta haikufikiri hata kidogo. Ua likaingia kwenye waya, mashine ikatetemeka, sindano ikaanza kushuka na kupanda juu ya kitambaa cheupe kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na tumba la kwanza likaanza kujaa kutoka chini. Mke wa Mheshimiwa akaweka mkoba chini. Akainama. Nami nikainama upande wa pili, vichwa vyetu karibu kugongana, na wote wawili tukatazama tumba la pili likitokea mahali ambapo hapakuwa na kitu.